Mfupa Umeunga, Mkono Bado

Siku ya kufunguliwa plasta husubiriwa kama siku ya kutoka kifungoni. Mgonjwa huzihesabu wiki, huahidi nyumbani kwamba kesho yake atarudi kazini, na huingia katika chumba cha plasta akiwa na furaha. Msumeno ukishapita na ganda likaachana, kinachojitokeza si mkono ule alioukabidhi hospitalini wiki sita zilizopita. Ni mkono mwembamba, wenye ngozi iliyokauka na kuambuka, vidole vimevimba kidogo, na kifundo hakikunjiki wala hakikunjuki. Daktari huitazama picha ya eksirei, huona mfupa umeunga, husema mambo ni mazuri, kisha humwita mgonjwa anayefuata. Hapo tiba imekatishwa katikati. Kuhesabu kuunga kwa mfupa kuwa ndiko kupona kwa mkono ni kosa la kitaalamu, na gharama yake hulipwa na watu wasio na mtaji mwingine isipokuwa mikono.

Majeraha makubwa ya kifundo cha mkono yana asili nyingi, lakini baiskeli ya mlimani huyaonyesha kwa uwazi wa pekee. Mchezo huo ulipata sura yake ya kisasa katika miaka ya 1970 kwenye vilima vya Marin, California, ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996, na leo wageni na vijana wenyeji huushiriki katika Milima ya Usambara na kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hata hivyo, ni upotofu kudhani kuwa mteremko ni mali ya wanamichezo. Muda mrefu kabla ya kofia ngumu na glavu, walikuwapo na bado wapo wachukuzi wanaoshusha mkaa, ndizi na kuni kwa baiskeli nzito ambazo breki yake, mara nyingine, ni soli ya ndala inayokandamizwa kwenye tairi. Kwa upande wa Kongo, vijana wa Goma na vilima vinavyouzunguka mji huo hushusha viazi na magogo kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kisicho na kanyagio. Hakuna anayewaita wanamichezo, wala hakuna anayewaandikia habari wanapoanguka. Lakini jiwe lililolizuia gurudumu la mbele halimuulizi mtu kama yuko mapumzikoni au kazini.

Namna ya kuanguka ni ileile. Gurudumu la mbele hukwama, mwili huendelea na safari yake juu ya usukani, na mikono hutangulia kuupokea mwili kabla akili haijaamua lolote. Uzito wote, ukizidishwa na mwendo wa mteremko, hutua juu ya kiganja kimoja kilichokunjwa kuelekea nyuma. Kati ya kiganja hicho na mifupa miwili ya kigasha mna mifupa midogo minane iliyopangwa safu mbili na kushikanishwa kwa kano nyingi. Kwa wengi huvunjika mwisho wa mfupa wa rediasi, ule ulio upande wa kidole gumba. Mpasuaji wa Ireland, Abraham Colles, alilieleza jeraha hilo mwaka 1814, miaka 81 kabla ya Röntgen kuigundua eksirei, akitegemea macho na vidole vyake tu. Kwa maoni yake mkono ungebaki na kombo, lakini baada ya muda ungerudishiwa uhuru wake wa kutenda. Matumaini hayo yalizidi kiasi. Hata hivyo, kigezo alichokitumia, yaani kuuliza mkono unafanya nini badala ya kuuliza unaonekanaje, kilikuwa bora kuliko kigezo kinachotawala kliniki nyingi leo.

Katika ile mifupa minane mmoja unastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu ndio unaowaponza vijana wanaoanguka kwa kasi. Huitwa skafoidi, jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya chombo cha majini, kwa kuwa umbo lake ni kama la mtumbwi. Damu yake huingilia hasa upande wa mbali, ulio karibu na vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea upande wa kigasha. Mfano wake ni mtaa ulio mwisho wa bomba la maji: bomba likipasuka katikati, mtaa huo hukauka ilhali jirani zake wa mbele wanaendelea kuchota. Skafoidi ikivunjika kiunoni au karibu na ncha yake ya nyuma, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu, kikachelewa kuunga, kikakataa kabisa, au kikafa. Mwenye mkono huo hatajua mara moja. Atahisi maumivu yanayovumilika, ataambiwa ameteguka, atakandwa kwa maji ya moto, atarudi kwenye shughuli zake. Miaka kadhaa baadaye, kifundo kitaanza kuuma kila anaponyanyua ndoo, na eksirei itaonyesha baridi yabisi ya mtu mzee katika mkono wa mtu wa makamo.

Ubaya wa mfupa huu ni kwamba eksirei ya siku ya kwanza inaweza isiuonyeshe ufa. Ndiyo maana mafunzo ya udaktari husisitiza kukibonyeza kile kishimo kinachojitokeza chini ya kidole gumba, upande wa mgongo wa mkono, gumba linapoinuliwa. Pakiuma baada ya mtu kuangukia kiganja, mkono hufungwa kana kwamba umevunjika, na mgonjwa hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 kwa picha nyingine au, panapowezekana, kwa kipimo cha CT au MRI. Utaratibu huu hauhitaji mashine ya kisasa. Unahitaji kidole cha daktari, banzi, na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Inapotokea kwamba mtu amerudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu pekee kwa kuwa picha ilikuwa safi, umaskini wa vifaa si kisingizio cha kutosha, kwa maana kilichokosekana hapo ni tarehe.

Suala la pili linalowasumbua wagonjwa na jamaa zao ni upasuaji. Imezuka imani kwamba plasta ngumu, ile inayojulikana mitaani kwa jina la hogo, ni tiba ya asiyekuwa na fedha, na kwamba mwenye uwezo hupasuliwa akatiwa chuma. Imani hiyo haiungwi mkono na ushahidi. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha watu wazima 461 waliovunjika mwisho wa rediasi: baadhi walichomekwa nyaya nyembamba kupitia ngozini, wengine wakawekewa bamba na skrubu. Baada ya mwaka mmoja, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maana yoyote katika maumivu wala katika matumizi ya mkono. Utafiti mwingine, wa mwaka 2020, uliwafuatilia watu wazima 439 wa Uingereza na Wales waliovunjika kiunoni mwa skafoidi bila vipande kuachana kwa zaidi ya milimita 2. Waliopasuliwa mapema na waliofungwa plasta walifikia hali ileile baada ya wiki 52, kwa sharti moja zito: wale ambao mfupa wao ulikataa kuunga ndani ya plasta walitambuliwa mapema na kupasuliwa bila kucheleweshwa. Sharti hilo ndilo linalosahaulika. Plasta iliyofuatiliwa inaweza kushindana na chuma. Plasta iliyofungwa na kusahauliwa haijawahi kufanyiwa utafiti wa aina hiyo, wala isitegemewe kuleta matokeo hayo.

Hii haina maana kwamba upasuaji ni anasa. Kijana aliyeruka juu ya usukani na kuuvunjavunja uso wa kiungo, au aliyeumia kano zinazoishikanisha mifupa midogo, au ambaye neva inayopita katikati ya kifundo imebanwa hata vidole vitatu vya kwanza vimekufa ganzi, anahitaji mpasuaji, tena kwa haraka. Kwa mtu kama huyo hata hatua ndogo katika uso wa kiungo huweza kuzaa baridi yabisi. Kwa bibi wa miaka 75 aliyejikwaa uani, kombo kidogo kinaweza kuvumilika vizuri sana. (Bibi huyo, hata hivyo, anastahili kuulizwa kuhusu udhaifu wa mifupa, kwani kuvunjika kifundo kwa anguko dogo mara nyingi ni onyo la kwanza kabla ya kuvunjika nyonga.)

Lililo muhimu zaidi kuliko hayo yote hutendeka wakati ambapo watu wengi hudhani hakuna kinachotendeka, yaani ndani ya zile wiki za plasta. Plasta iliyofungwa vizuri huacha vidole vyote vikiwa huru hadi kwenye mafundo ya ngumi. Haiachi sehemu hiyo wazi kwa bahati. Vidole vinapaswa kukunjwa na kunyooshwa tangu siku ya kwanza, mara nyingi kwa siku, hata vikiuma na kuvimba. Pete inapaswa kuvuliwa kabla uvimbe haujaizingira. Mkono unapaswa kuinuliwa juu ya usawa wa moyo kwa siku za mwanzo. Na kiwiko na bega vinapaswa kutembezwa kila siku. Mgonjwa anayeuning'iniza mkono shingoni kwa kitambaa usiku na mchana kwa wiki sita, akiamini kwamba anautunza, hufunguliwa plasta akiwa na matatizo mawili: kifundo kigumu na bega lililogoma. Hakuwa mzembe. Alitii agizo pekee alilopewa, nalo lilikuwa "usiutumie". Neno hilo, likiachwa peke yake, ni hatari. Agizo kamili ni kutobeba mzigo kwa mkono huo na kutoacha hata siku moja kuvichezesha vidole.

Vilevile kuna ishara ambazo hazipaswi kusubiri tarehe ya kliniki: maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, vidole vinavyogeuka rangi, vinavyopoa, vinavyokufa ganzi, au vinavyouma mno mtu mwingine anapovinyoosha. Plasta inayobana inaweza kuua misuli ndani ya saa chache. Mgonjwa wa kijijini akiambiwa hivyo kwa Kiswahili chepesi kabla hajapanda gari la kurudi kwao, atajua kwamba ana haki ya kurudi usiku huohuo na kudai ilegezwe.

Hapa mafundi wa kienyeji wa kuunga mifupa wanastahili kutajwa, kwa kuwa wagonjwa wengi huanzia kwao au huishia kwao. Ni rahisi kuwalaani, na zipo sababu. Vijiti vilivyokazwa mno vimewafanya watu wakatwe mikono, na kuukanda mfupa uliovunjika kila asubuhi huuzuia kutulia. Lakini swali la haki ni kwa nini watu huwapenda. Fundi humshika mgonjwa. Humwona kila siku au kila baada ya siku mbili, humuuliza habari za usiku, humgusa kidole kimoja kimoja, na haonekani kuwa na foleni nyuma yake. Kwa maneno mengine, hutoa ufuatiliaji, kitu kilekile ambacho tafiti zilizotajwa zilikiweka kuwa sharti. Hospitali ikitaka kumshinda fundi, haitamshinda kwa mabango ya kumkataza. Itamshinda siku itakapoweza kumfuatilia mgonjwa kama yeye, na kwa ujuzi zaidi.

Plasta ikishafunguliwa, huanza kazi ambayo haina picha ya kuonyesha. Fasihi ya kitabibu hupima kifundo kwa nyuzi za pembe na kwa kilo za mbano. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini mgonjwa hupimwa na maisha yake. Kukigeuza kiganja kielekee juu ndiko kupokea chenji, kunawa uso na kuinua mikono kwa dua. Kukikunja kifundo kuelekea nyuma huku kimebeba uzito ndiko kusujudu, na ndiko kujisukuma kutoka kwenye mkeka. Kubana na kuzungusha ndiko kusonga ugali, kukamua nguo na kukuna nazi. Kushika kwa nguvu kwa muda mrefu ndiko jembe, na ndiko breki ya baiskeli mteremkoni. Mwalimu anayeandika kwa mkono wake wa kushoto akiumia wa kulia anaweza kurejea kazini baada ya wiki moja. Mchukuzi anayeshuka kutoka Lushoto kuelekea Mombo, njia inayoporomoka takriban mita 1,000 kwa kona kali, hawezi kurejea mpaka mkono wake uweze kubana breki hadi mwisho wa mteremko bila kuchoka. Kumwandikia kila mmoja wao "wiki sita" ni kuandika tarehe ya mfupa na kuiita tarehe ya mtu.

Nguvu ya mbano hurudi taratibu. Sehemu kubwa hupatikana katika miezi mitatu hadi sita, na maendeleo huonekana hadi mwaka mzima. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo hufanya moja ya mambo mawili. Wapo wanaokata tamaa katika wiki ya pili baada ya plasta, wakaamini kwamba mkono umeshaharibika, wakauacha kando mpaka kweli ukaharibika. Wapo pia wanaoulazimisha kwa kuvutwa na ndugu mwenye nguvu, au kwa kubeba mzigo ili uzoee. Njia ya katikati haina maajabu: maji ya uvuguvugu kwenye beseni, kukunja na kukunjua, kuzungusha kigasha kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, kukamua kitambaa au mpira laini, mara kadhaa kwa siku, kwa kiasi kinacholeta maumivu yanayotulia muda mfupi baada ya zoezi. Maumivu yanayobaki hadi kesho yake ni dalili ya kupunguza.

Wasimamizi wa hospitali watajibu kwamba wataalamu wa fiziotherapia ni wachache na wako mbali. Jibu hilo lina ukweli. Vyuo vinavyowafunza, kikiwamo cha KCMC mjini Moshi, haviwezi kujaza kila wilaya kwa muda mfupi, na mgonjwa wa mlimani hawezi kulipa nauli mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Lakini jibu hilo hukwepa jambo moja. Majaribio kadhaa ya kitabibu yaliyolinganisha vikao vya mazoezi vinavyosimamiwa na mazoezi ya nyumbani yaliyoelekezwa vizuri, kwa waliovunjika mwisho wa rediasi bila matatizo ya ziada, hayakuonyesha kwa uhakika kwamba vikao ndivyo bora. Neno zito hapo ni "yaliyoelekezwa vizuri". Dakika kumi za muuguzi au daktari msaidizi, mazoezi yakatendwa mbele ya macho na mgonjwa akayarudia mwenyewe, pamoja na karatasi moja yenye michoro na Kiswahili kinachosomeka, zingetosha kwa walio wengi. Wataalamu wachache waliopo wangebaki kwa wale wanaowahitaji hasa. Uhaba wa wataalamu ni sababu ya kuifundisha kazi hiyo kwa watu wengi zaidi, na kuugeuza kuwa sababu ya kutomfundisha mtu yeyote ni kuukubali ulemavu kwa uvivu.

Kundi linalohitaji mtaalamu hasa ni pamoja na wale ambao maumivu yao hayaelezeki kwa picha. Mkono huwaka moto, huvimba, hubadilika rangi, hutoka jasho kuliko mwenzake, na hauvumilii hata mguso wa shuka. Hali hiyo inajulikana kitabibu na hutibika vizuri zaidi ikitambuliwa mapema. Nyumbani huitwa kudeka. Kazini huitwa kutafuta likizo. Mara nyingine, kwa aibu ya taaluma nzima, kliniki nayo huafiki, kwa kuwa mfupa umeunga na picha haina kosa.

Habari za michezo nazo zina sehemu yake katika upotofu huu. Mwaka 2021, Jolanda Neff wa Uswisi alivunjika mkono katika mashindano ya baiskeli za mlimani mwezi Juni, na wiki chache baadaye, Julai 27, alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mashindano ya Tokyo. Ushindi huo unastahili heshima yote. Lakini mwanamichezo wa ngazi hiyo huwa na watu ambao kazi yao ya kila siku ni mwili wake, na kupona ndiyo ajira yake kwa kipindi hicho. Kijana anayesoma habari hiyo kwenye simu, huku plasta ikiwa bado mkononi, huona wiki sita tu. Akijilinganisha na bingwa, atapanda baiskeli kabla mfupa haujaweza kuhimili mtikisiko wa njia ya mawe, na anguko la pili juu ya kifundo kilekile huwa na msamaha mdogo kuliko la kwanza. Kipimo cha kurudi njiani ni rahisi kukisema: picha na uchunguzi vithibitishe kwamba mfupa umeunga, kifundo kiweze kubeba uzito wa mwili ukutani kisha sakafuni bila maumivu makali, na mkono ubane breki kwa nguvu inayokaribiana na ya mwenzake. Kwa majeraha makubwa hayo hayafikiwi kwa kawaida kabla ya miezi mitatu, na skafoidi inaweza kudai zaidi.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na utekelezaji wa sheria ya namna hiyo daima huja na mabishano kuhusu kipi kilipiwe na kipi kiachwe. Upasuaji una watetezi wake, kwani una mashine, vyuma na ankara zinazoonekana. Mazoezi ya kifundo hayana ankara kubwa, na kwa hiyo hayana mtetezi. Ni vyema ieleweke mapema kwamba bamba la chuma lililolipiwa katika mkono ambao haukufundishwa kukunjwa tena ni fedha zilizopotea, na kwamba kadi ya hospitali inayofunga faili siku ya kufungua plasta inapaswa kuongezewa mistari miwili: tarehe ya kumwona mgonjwa baada ya wiki sita nyingine, na nafasi ya kuandika ni kazi gani mkono huo ulikuwa ukiifanya kabla ya kuumia.